Balozi wa Mahame

Waliomwona mara moja tu walisema ni mkorofi. Sisi tulioishi naye jirani miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulijua kwamba hawakukosea sana. Alikuwa mkorofi, lakini alichagua nani wa kumkorofisha, na mara nyingi alichagua mtu mwenye cheo. Alikozaliwa na ukoo wake sitavigusa. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza alirudishiwa swali, kama amekuja kuposa au amekuja kusalimia. Nitamwita kama tulivyomwita wote, Balozi, kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi kwenye kitongoji chetu, kando ya barabara iendayo Laela, na hata alipovuliwa cheo hakuna aliyezoea kumwita vingine.

Balozi alikuwa mwindaji wa fuko. Kwa asiyemjua, fuko ni mnyama mdogo akaaye chini ya ardhi, ambaye macho yake hayana kazi na meno yake yana kazi mno. Anakula mizizi ya muhogo, viazi, hata maharage, na mkulima hajui kitu mpaka aone shina limelala. Kwetu Ufipa tunamfurahisha wenyewe. Tunakata nyasi, tunazifunika kwa udongo katika matuta ya mviringo tunayoita intumba, zinaoza humo, na fuko anakuta ardhi laini iliyoandaliwa kwa jasho la mtu mwingine.

Kumwinda ilikuwa kazi ya wanaume wazee na vijana wasio na shughuli. Mwanamke alitakiwa kumsubiri jikoni, ambanike, akaushe juu ya moshi, agawe. Balozi alikuwa mjane tangu kabla sijaolewa, na aliona hana sababu ya kumsubiri mtu. Alikuwa akipita barabarani na jembe lake begani, khanga imefungwa kiunoni, na fuko kadhaa wamening'inia kwenye kamba mbele ya kila mwenye macho. Wanaume waliokaa kwenye kilabu cha pombe ya ulezi walimtania kwamba ataota ndevu. Aliwajibu kwamba zikiota atawaazima, maana zao hazijawasaidia kupata hata panya. Walicheka, lakini siku hiyo hawakurudia tena.

Namna yake ya kuwinda ilikuwa rahisi kuitazama na ngumu kuiiga. Hakutega kitanzi kama wazee. Alitafuta kichuguu kibichi cha udongo, ule ambao bado una unyevu na haujapigwa na upepo, akachimba kidogo mpaka akaipata njia ya fuko, akaiacha wazi. Kisha alisimama pembeni, jembe juu, kimya. Upepo ukiingia kwenye njia, fuko anajua mlango wake umevunjwa, na hawezi kutulia. Anarudi na kuanza kusukuma udongo ili azibe. Hapo udongo unatikisika, na hapo Balozi anapiga.

"Mwanangu," aliniambia siku moja akinionyesha njia ya fuko nyuma ya choo changu, "fuko humfuati. Unamfungulia mlango tu, halafu unamngoja. Hawezi kuvumilia nyumba yake ikae wazi."

Nilikuwa mke mpya bado, na mwalimu wangu wa kwanza pale kijijini alikuwa yeye. Alinifundisha kuzitambua sehemu nzuri. Udongo mwekundu wenye changarawe achana nao. Bonde lenye maji achana nalo pia, fuko hapendi kulowa. Tafuta mahali penye majivu ya zamani na samadi ya zamani, mahali watu walipopika, walipofuga, walipomwaga takataka kwa miaka. Mahali hapo udongo ni mweusi na mizizi inanenepa yenyewe. Kwa maneno mengine, tafuta mahame.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, kwa sababu mahame yaliyokuwa karibu nasi yalikuwa ya kwetu.

Kabla ya kijiji kipya tulikaa mlimani, upande wa ukingo unaotazama bonde la Rukwa, mahali penye baridi ya kukausha midomo mwezi wa saba. Mimi niliolewa huko na kupika huko miezi michache tu. Kisha amri ikaja ya kushuka barabarani, na malori yakaja, na watu wakang'oa milango na mbao za paa wakapakia. Nyumba zilizobaki bila paa zilibomoka katika masika ya kwanza. Tuliambiwa tusirudi, si kulima, si kukaa, si hata kuchuma, kwa sababu atakayerudi leo kuchuma kesho atarudi kulala. Wengi tulimeza. Balozi hakumeza, ila hakutema pia. Alichotaka maisha yake yote yaliyobaki kilikuwa kimoja, kwamba asizuiwe kupanda mlima ule na kukanyaga pale alipokaa.

Mtu akisikia hivyo atadhani alikuwa mpinzani wa kijiji. Sivyo kabisa, na nitamjia juu yeyote atakayesema hivyo. Shule yetu ilipojengwa yeye ndiye aliyekusanya wanawake wa kusomba mawe, na aliyechelewa alimpasha mbele ya watoto wake. Siku za shamba la ujamaa alipita mlango kwa mlango asubuhi akigonga kwa mpini wa jembe, na ugonjwa wa ghafla hakuukubali mpaka aushike mwenyewe kwa kiganja. Bomba la maji lilipofika alilinda foleni kama mali ya mama yake. Bendera ya chama mbele ya nyumba yake aliishusha kila mvua ilipotishia, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku la nguo. Ndugu yake mmoja aliyekuwa akichuuza nguo Chanji alikuja kumtembelea, akaanza kunong'ona kwamba vijiji hivi havitadumu. Balozi alimwambia anyanyue mzigo wake mapema, kwa sababu basi halimngoji mtu.

Niliwahi kumuuliza, yawezekanaje kuyapenda yote mawili, bomba na mlima. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nilipompenda mume wangu niliacha kumpenda mama yangu.

Fuko walipozidi kwenye shamba la kijiji, mwenyekiti aliitisha mkutano. Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye sauti nzuri, mtu wa haki kwa kiasi chake lakini asiyependa kabisa kushangazwa. Aliagiza kila kaya iwe inaleta mikia ya fuko na panya ofisini, na kaya itakayozembea ifanye kazi ya ziada. Wengine wote tuliguna. Balozi aliinua mkono, akauliza swali moja tu, kama wapo wanyama hawa wanaosamehewa kwa sababu ya mahali wanapokaa. Mwenyekiti, bila kufikiri, akasema hakuna, fuko ni fuko, auawe popote alipo.

"Asante, Mwenyekiti," alisema Balozi akikaa. "Nimesikia popote."

Kuanzia siku hiyo alipanda mlima mchana kweupe. Aliyemuuliza anakwenda wapi alijibiwa kwamba anatekeleza azimio la mkutano. Mikia yake ilikuwa mingi kuliko ya kaya yoyote, na mwenyekiti mwenyewe alimsifu hadharani, jambo lililomfurahisha Balozi kupita kiasi, ingawa alikunja uso ili isionekane.

Wanawake wenzetu walimwona akipanda, lakini walitaka kujua sehemu zake zenyewe. Hapo Balozi alikuwa mwongo asiye na aibu. Mmoja alimwelekeza bondeni kwenye matete, akarudi amelowa mpaka magoti. Mwingine alimtuma nyuma ya misheni, kwenye udongo mgumu wa mikaratusi, na huyo alivunja mpini. Waliporudi kulalamika aliwapikia uji, akawapa fuko mmoja mmoja wa kukausha, akawaambia kwa upole kwamba uwindaji una siku zake. Walikuja kumlaumu na waliondoka wameshiba. Mimi aliniambia ukweli kwamba anawinda mahameni penyewe, lakini kunichukua alikataa, kwa kuwa mume wangu alikuwa mgambo wa kijiji na hakutaka kuniingiza kwenye matata ya nyumbani kwangu.

Ukarimu wake ndio uliomponza. Ilikuwa kiangazi, wakati ambapo ardhi yote ya uwanda imekauka, viazi vya kijiji vimekwisha kuvunwa, na fuko wa kila mtu wamekonda wanabaki ngozi na meno. Fuko wa Balozi walikuwa wanene. Siku hiyo alipata mmoja mkubwa sana, na kwa kuwa mke wa mwenyekiti alikuwa ametoka kujifungua, alimpelekea. Mke wa mwenyekiti alimpasua fuko yule mumewe akila karibu naye. Tumboni mlikuwa na kiazi kilichotafunwa, na maganda yake yalikuwa mekundu. Viazi vyekundu vilikuwa mbegu yetu ya mlimani. Tulipohama hakuna aliyevishusha, maana bwana shamba alikuwa ametuletea mbegu nyeupe. Mwenyekiti aliyatazama maganda yale na, kwa mujibu wa mkewe, aliacha kula.

Mume wangu ndiye aliyenisimulia kilichofuata, na alinisimulia akiangalia pembeni. Mwenyekiti aliwachukua yeye na mgambo mwenzake, wakapanda mlimani. Palipokuwa na nyumba ya Balozi walikuta kitalu cha viazi kimestawi katikati ya majani makavu, kimewekewa samadi, kimezungushiwa miiba dhidi ya nguruwe pori. Dhidi ya fuko hakikuwekewa kitu. Njia za fuko zilikuwa zimejaa humo, na kila iliyovunjwa ilikuwa imezibwa vizuri kwa mkono wa mtu. Mwenyekiti alielewa pole pole. Mwanamke huyu alikuwa akiwalima fuko. Aliwapandia chakula ili wasiondoke, na wasipoondoka, yeye ana sababu ya kurudi.

Hawakumfuata. Waling'oa kona moja ya kitalu, wakaacha miche imelala juani, wakakaa nyuma ya ukuta uliobomoka wakamngoja. Kesho yake alikuja, akaona uharibifu, akapiga magoti moja kwa moja kurudishia miche udongo. Hapo wakatokea.

Mume wangu alisema Balozi hakuogopa hata kidogo. Aliwatazama, akatazama kona iliyong'olewa, akacheka mpaka akakaa chini. Akamuuliza mwenyekiti ni nani aliyemfundisha kuwinda, maana ameiweza kweli.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi, na hakuna aliyebaki nyumbani. Mwenyekiti alisema kwa ile sauti yake nzuri kwamba kijiji kizima kinahangaika kuua wanyama waharibifu huku balozi wake anawafuga, na kwamba amelima mahali palipokatazwa, na kwamba amekifanya kijiji kionekane cha wapumbavu. Nilijua hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Balozi alisimama bila kuambiwa.

"Uliagiza mikia, nimeleta mikia," alisema. "Hukuagiza tukuambie wamekula nini."

Watu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Mwenyekiti alimwambia aache mzaha. Alisema yeye hana haja ya kumfunga mtu, ila balozi hawezi kuwa na miguu miwili sehemu mbili. Achague, bendera au mlima.

Kicheko kilitoweka usoni mwa Balozi. Alisema shule ile mawe yake ameyasomba yeye, na atakayeyahesabu mawe hayo atayakuta humo mabega ya Balozi. Alisema bomba lile atalilinda hata kama si balozi. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nalisikia.

"Mlinihamisha, nikahama. Mkiniambia nibebe mawe, nabeba. Lakini hakuna mkutano wa kuniambia pale nilipomzika mume wangu pamekuwa pori. Si pori. Ni kwangu."

Aliondoka, tukadhani amekwenda moja kwa moja. Alirudi na bendera, imekunjwa kama alivyozoea kuikunja, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti kwa mikono miwili. Alimwomba waishushe mvua ikitishia, kwa sababu kitambaa chake ni chepesi. Kisha akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta wa ofisi, akapita katikati yetu, akashika njia ya mlimani. Mimi nilipiga vigelegele. Sikupanga, vilinitoka tu, na mume wangu alinikanyaga mguu, nikapiga tena.

Siku chache baadaye mgambo waliagizwa wapande wakang'oe kitalu chote. Mume wangu alisema goti linamsumbua. Mwenzake alisema hata lake. Mwenyekiti aliwatazama wote wawili wakichechemea kwa miguu tofauti kila siku, na mwisho aliacha kuuliza. Sidhani kama alishindwa. Nadhani alichoka, na nadhani mkewe alimwambia neno, kwa maana yule mama hakusahau mchuzi wa fuko wa siku zake za uzazi.

Balozi mpya aliteuliwa, kijana mwenye adabu na mwandiko mzuri. Watu waliogombana usiku walimpita mlangoni kwake wakaenda kumgongea balozi wao wa zamani. Naye aliwasuluhisha, akamtuma mmoja wao asubuhi akamweleze balozi mpya kwamba aliyesuluhisha ni huyo kijana. Kwenye bomba aliendelea kupanga foleni bila cheo. Na mlimani aliendelea kupanda, mwaka baada ya mwaka, jembe begani, fuko kwenye kamba, na salamu zake kwa walevi wa kilabu hazikupungua makali.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa miaka mingi baadaye, amri zilipokuwa zimelegea na watu wamekwisha kuanza kurudi mashambani kwao bila kuulizwa. Alikuwa amehamia mlimani kabisa, kwenye kibanda cha nyasi. Nilisikia kifua kinambana, nikapanda na mtama kidogo, sukari, na dawa ya kuchua niliyoagiza kwenye duka la Mwarabu mjini Sumbawanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi tangu lori litushushe. Upepo wa kipupwe ulikuwa ukilaza majani yote upande mmoja, na niliona aibu kidogo, maana sikutambua kitu. Pale nilipotarajia kijiji niliona uwanda wa majani tu.

Nilimkuta amekaa juani amejifunika blanketi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Umechelewa," alisema, na sikujua kama alimaanisha asubuhi ile au miaka yote.

Alikunywa chai, akaisifu sukari na kuisema vibaya dawa. Kisha alinyanyuka kwa kushika mpini, akaniambia nimfuate. Tulikwenda pole pole, na kila tulipokwenda kidogo niliona kitalu cha viazi vyekundu kwenye majani, kidogo, kimezungushiwa miiba. Mwenyekiti na mgambo wake walikuwa wameona kimoja tu, kile cha nyumbani kwake, wakaridhika. Sasa niliviona vyote. Balozi alivionyesha kwa kidevu akitaja. Hapa kwa fundi cherehani. Hapa kwa wale pacha. Hapa kwa mama mkwe wako, mbishi yule, hata fuko wake wabishi. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile, alipokuwa akirudi na kamba yake ya fuko, alikuwa ametoka kuzungukia nyumba zake kumi. Kila tulipokuwa tumekaa alikuwa amepanda, na kila alipopanda fuko walikuja, na kila walipokuja alikuwa na sababu ya kwenda kututazama. Nilianza kulia, na sikujificha.

"Acha hayo," alisema. "Utawakimbiza."

Alisimama kwenye kitalu cha mwisho. Akainama kwa shida, akapapasa udongo mweusi, akachimbua jiwe moja lenye masizi ya zamani sana, akalisukuma kwangu kwa mguu. Lilikuwa figa. Nilikuwa nimeliacha na wenzake wawili siku ya lori, kwa sababu mume wangu alisema mawe yako kila mahali. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu.

Kwa ncha ya jembe Balozi aliifungua njia ya fuko kando ya figa lile. Upepo ukaingia. Akanipa jembe, akanisogeza kwa kiwiko mahali panapostahili, akaweka kidole midomoni. Tulingoja. Nilifikiria uji niliowahi kuunguza pale, na kicheko cha mume wangu akiwa kijana. Kisha udongo ukatikisika. Kichuguu kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Fuko alikuwa amerudi kuziba mlango wake.

"Piga," alinong'ona.

Nilishusha jembe pole pole, nikaliweka chini. Tulimwangalia akisukuma udongo mpaka shimo likajaa na pakawa kimya. Nilijua nitakaripiwa. Balozi alikohoa, akavuta blanketi lake mabegani.

"Basi hujapata," alisema. "Itabidi urudi kesho."

Kesho yake nilirudi, na nilikwenda na jembe langu mwenyewe.